Pombe Huanza, Kinga ya Mwili Humalizia

Hotuba hii ilitolewa mjini Moshi mbele ya wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na ndugu wa wagonjwa. Inachapishwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wauguzi na matabibu wenzangu, wahudumu wa afya wa vijijini, na ninyi ndugu mliotoka wodini kuwaangalia wagonjwa wenu mkaja kusikiliza: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie pombe na ini. Katika mkoa wetu jambo hili si geni. Mbege ya ndizi na ulezi imo kwenye posa, imo kwenye harusi, imo kwenye matanga na vikao vya ukoo, na sikuja hapa kuwatukana wazee walioturithisha. Lakini siku hizi pamoja na mbege kuna bia za chupa, kuna gongo, kuna pombe kali za viwandani, na wengi wenu mnavikumbuka viroba vya plastiki vilivyopigwa marufuku nchini kuanzia Machi 1, 2017. Ini halina habari na majina hayo. Linachokutana nacho ni alkoholi ile ile iliyomo ndani ya vinywaji vyote hivyo.

Swali ninaloulizwa na ndugu wa wagonjwa kuliko maswali mengine yote ni hili: baba yetu na jirani yake wamekunywa pamoja tangu ujana, kilabu kimoja, kipimo kimoja, kwa nini macho ya baba yamekuwa ya njano na tumbo limejaa maji, na jirani bado anapalilia migomba yake? Swali hilo si la kijinga hata kidogo. Limewasumbua watafiti kwa miongo mingi. Katika watu wanaokunywa sana kwa miaka, karibu 9 kati ya 10 hupata mafuta kwenye ini. Lakini wanaofikia hatua ya ini kujaa makovu na kusinyaa, yaani sirosisi, ni kama mmoja au wawili kati ya 10. Kama alkoholi ingekuwa sumu inayoua ini peke yake, kwa mkono wake yenyewe, je, wale wanane waliobaki wangesalimika vipi?

Majibu yapo kadhaa, nami nitayapita haraka. Wanawake huumia kwa kiasi kidogo cha pombe kuliko wanaume. Unene huongeza hatari. Virusi vya homa ya ini B na C huongeza hatari. Kuna mambo ya kurithi pia. Lakini leo nataka tukae na jibu moja ambalo halisemwi vya kutosha kwenye wodi zetu: kati ya glasi ya pombe na kovu la ini amesimama mtu wa tatu, naye ni kinga ya mwili wenyewe. Pombe huanza. Kinga ya mwili humalizia. Na kinga hiyo hiyo inayolishambulia ini ndiyo inayoshindwa kumlinda mgonjwa dhidi ya vijidudu vinavyokuja kumuua. Mtu asipoyaelewa mambo haya mawili kwa pamoja hataelewa kwa nini ugonjwa huu ni mgumu hivi kutibika.

Tuanze na ini lenyewe. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na karibu robo tatu ya damu inayoingia humo haitoki moja kwa moja moyoni. Inatoka utumboni, kupitia mshipa mkubwa unaoitwa vena ya lango. Maana yake ni kwamba karibu kila tunachokula na kunywa, kikishafyonzwa, hupita kwenye ini kabla ya kufika kwingine. Pamoja na chakula hupita pia masalia ya bakteria wanaoishi utumboni kwa mamilioni ya mamilioni. Ndiyo maana mwili umeweka humo ndani ya ini askari wengi sana. Askari hao hawatembei na damu. Wamejishikiza kwenye kuta za mishipa midogo kabisa, wanasubiri kinachopita, wanakikamata na kukimeza. Tunawaita seli za Kupffer.

Nikupeni kisa cha jina hilo, kwa sababu kinatufaa. Mwaka 1876 mwanaanatomia wa Kijerumani, Karl Wilhelm von Kupffer, alikuwa akitafuta neva ndani ya ini. Alivitia vipande vya ini rangi iliyotengenezwa kwa kloridi ya dhahabu, akaviweka chini ya hadubini, akaona seli nyeusi zenye umbo la nyota zimejipanga kandokando ya mishipa. Hazikuwa neva. Miaka mingi baadaye alizichanganya na seli nyingine, zile zinazomeza takataka, na kosa hilo likadumu kwenye vitabu kwa zaidi ya miaka 70, hadi Mjapani Kenjiro Wake alipoonyesha mwaka 1971 kwamba nyota za Kupffer zilikuwa seli zinazohifadhi mafuta na vitamini A, zile zile alizozieleza Toshio Ito mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo leo tunazo seli mbili: seli za Kupffer, ambazo ni askari, na seli za nyota, ambazo ini likiwa zima zinahifadhi vitamini A kwa utulivu, na likiumia zinabadilika na kuanza kufuma nyuzi za kovu. Kupffer alizichanganya kwa sababu zinaishi karibu mno. Ujirani huo ndio unaotuhusu, kwa maana kila askari anapopiga kelele, jirani yake mfuma makovu anasikia.

Sasa, ndugu zangu, ni nani anayemfanya askari apige kelele?

Tunapokunywa, ini huibadilisha alkoholi kuwa asetaldehidi, kitu kikali ambacho nacho lazima kibadilishwe haraka ili kisilete madhara. Hilo wengi wenu mlifundishwa chuoni. Ambalo pengine hamkufundishwa ni kinachotokea utumboni. Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na safu moja tu ya seli zilizoshikana bega kwa bega. Alkoholi na asetaldehidi hulegeza mshikamano huo. Pombe nyingi kwa miaka hubadilisha pia aina za bakteria wanaoishi humo. Utumbo ukianza kuvuja, vipande vya maganda ya bakteria hupenya, huingia kwenye vena ya lango, na kituo chao cha kwanza ni ini.

Vipande hivyo vina historia yake. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, aliyekuwa akifanya kazi na Robert Koch mjini Berlin, aligundua kwamba bakteria wa kipindupindu waliokwisha kuuawa kwa joto bado waliweza kuwaua wanyama wa maabara. Bakteria amekufa, lakini ganda lake bado lina sumu. Sumu hiyo akaiita endotoksini. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kujua mwili unaitambuaje. Mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake mjini Dallas, Marekani, wakichunguza panya ambao endotoksini haikuwafanya kitu, waligundua kwamba panya hao wana kasoro kwenye kipokezi kiitwacho TLR4 kilichoko juu ya seli za kinga. Kipokezi hicho ndicho kinachoinusa endotoksini. Beutler alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2011.

Je, hayo yanahusiana vipi na baba aliyelala wodini? Yanahusiana moja kwa moja, na kazi iliyonishawishi mimi ilifanyika kwenye maabara ya Ronald Thurman katika Chuo Kikuu cha North Carolina. Panya walilishwa alkoholi kwa mrija, mfululizo, kwa majuma kadhaa, mpaka maini yao yakaumia. Halafu kundi jingine likapewa alkoholi ile ile, kwa kipimo kile kile, lakini likadungwa dawa inayoziua seli za Kupffer. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: maini ya kundi hilo hayakuumia kama ya wenzao. Mwaka uliofuata walifanya kinyume chake. Waliwaacha askari wakiwa hai, wakawapa panya viuavijasumu vya kupunguza bakteria wa utumboni. Maini yakanusurika tena. Na mwaka 2001 maabara hiyo ikaonyesha kwamba panya wasio na kipokezi timamu cha TLR4 nao hawaumii sana.

Nawaomba mtulie kidogo kwenye jambo hili. Alkoholi ilikuwa ile ile. Kipimo kilikuwa kile kile. Panya waliondolewa askari, wakapona. Panya waliondolewa bakteria, wakapona. Panya waliondolewa pua ya kuwanusa bakteria, wakapona. Basi tunawezaje kuendelea kuwaambia wagonjwa wetu kwamba pombe inaliunguza ini kama tindikali, na mambo yameishia hapo?

Seli ya Kupffer ikinusa endotoksini hutoa kemikali za kuita msaada, ziitwazo saitokini. Maarufu kuliko zote inaitwa TNF. Wanaoitika wito huo ni nyutrofili, seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuua bakteria kwa kuwamwagia vimeng'enya na kemikali kali. Zinaingia kwenye ini kwa wingi. Adui waliyeitiwa hayupo pale kama walivyotarajia, isipokuwa masalia yake, na kemikali zile zinawamwagikia wenyeji, yaani seli za ini ambazo tayari zimechoshwa na mafuta na asetaldehidi. Zaidi ya hapo, asetaldehidi hujigandisha kwenye protini za ini na kuzibadilisha sura, mpaka mwili unatengeneza kingamwili dhidi yake kana kwamba ni kitu kigeni. Na seli za nyota, majirani wa karibu, zinasikia kelele zote hizo na kuanza kufuma kovu.

Hali hii ikilipuka kwa ghafla tunaiita hepatitisi ya pombe. Wauguzi mnaijua sura yake. Macho ya njano, homa, ini limevimba na linauma ukilibonyeza upande wa kulia chini ya mbavu, seli nyeupe zimepanda kwenye kipimo cha damu, na pengine malaria hakuna, typhoid hakuna. Kuna jambo moja linalowachanganya sana ndugu, nami nataka walisikie vizuri. Mara nyingi mgonjwa anakuja akiwa ameshaacha pombe. Aliishiwa nguvu, chakula hakipiti, akaacha kunywa wiki mbili au tatu zilizopita, na njano ikaja au ikazidi baada ya hapo. Mtaani wanasema: mmeona, kaacha pombe ndiyo kaumwa! Hapana, ndugu zangu. Kuacha hakukumwumiza. Moto wa kinga uliokwisha kuwashwa hauzimiki siku ile ile chupa inapowekwa chini. Madaktari wanapoutambua ugonjwa huu hukubali kwamba mgonjwa anaweza kuwa ameacha kunywa hata siku 60 kabla. Ukimrudishia pombe ili "apate nafuu" unamrudisha kwenye chanzo.

Hapo sasa lilikuja wazo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelipata. Kama kinga ndiyo inayoliharibu ini, kwa nini tusiizime? Panya wasio na kipokezi cha TNF walionekana kukingwa dhidi ya madhara ya alkoholi. Dawa za kuizuia TNF zilikuwa zimeshapatikana na zinawasaidia wagonjwa wa baridi yabisi. Kila kitu kilielekeza huko, na madaktari wakaingia kwenye majaribio wakiwa na matumaini makubwa.

Ufaransa, wagonjwa 36 wenye hepatitisi kali ya pombe walipewa prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili, na baadhi yao wakaongezewa dawa ya kuzuia TNF iitwayo infliksimabu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliopata infliksimabu walipata maambukizi makali zaidi, na waliokufa kati yao walikuwa wengi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Marekani, wagonjwa 48 waligawanywa kati ya dawa nyingine ya aina hiyo, etanasepti, na dawa bandia isiyo na kitu. Baada ya miezi sita, katika waliopewa dawa ya kweli walikuwa wamekufa karibu 58 kwa kila 100. Katika waliopewa dawa bandia walikufa karibu 23 kwa kila 100. Hayo yalichapishwa mwaka 2008, na mlango huo ukafungwa.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi kwa wanafunzi, na kila mara naona huzuni ileile kwenye nyuso zao. Watafiti hawakukosea kuhusu panya. Walichokigundua kwa gharama ya maisha ya watu ni kwamba TNF ile ile inayolichoma ini ndiyo pia inayolisaidia ini kujijenga upya, na ndiyo inayouamsha mwili kupambana na bakteria. Na mgonjwa huyu, ambaye kinga yake inafoka ndani ya ini, kwingineko kote mwilini ni mtu asiye na kinga. Nyutrofili zake ni nyingi kwenye kipimo, lakini zikikutana na bakteria hazimuui inavyotakiwa. Protini za kinga ambazo ini lilipaswa kuzitengeneza zimepungua. Ukuta wa utumbo unavuja. Ukimwondolea hata kile kidogo kilichobaki, umemwacha uwanjani mikono mitupu.

Prednisoloni nayo ina kisa chake. Tumeitumia kwa miongo mingi tukibishana. Uingereza ilifanya jaribio kubwa, lenye wagonjwa zaidi ya 1,000, na matokeo yake yakatoka mwaka 2015. Katika siku 28 za kwanza kulikuwa na dalili ya nafuu kidogo kwa waliopewa prednisoloni, ingawa hesabu hazikutosha kuithibitisha. Baada ya siku 90 hakukuwa na tofauti. Baada ya mwaka hakukuwa na tofauti. Lakini maambukizi makali yaliwapata 13 kwa kila 100 ya waliopewa prednisoloni, na 7 kwa kila 100 ya wasiopewa. Mnauona mtego? Kile unachokiokoa kwenye ini unakipoteza kwa bakteria. Kwa hiyo wanaoitumia leo huitumia kwa wagonjwa waliochaguliwa, wakiwa wamewapima maambukizi kwanza, na siku ya saba wanapiga hesabu ili waone kama dawa inasaidia, isiposaidia wanaiacha. Haitolewi kwa mazoea kwa kila mwenye macho ya njano.

Wenzangu wa vijijini, hapa ndipo nawahitaji zaidi. Udhaifu huu wa kinga hausubiri ini lisinyae. Mtu anayekunywa sana ana hatari ya kuugua kifua kikuu karibu mara tatu ya asiyekunywa hivyo, hata ukiondoa mambo mengine. Nimonia humshika kwa urahisi na humwangusha kwa kasi. Mkiwa mnapita kaya kwa kaya mkitafuta wanaokohoa, msilipite kilabu cha pombe kana kwamba si nyumba ya watu. Mle ndani wamo wagonjwa wenu.

Na matabibu, niruhusuni niwapeleke kitandani. Mgonjwa ana tumbo lililojaa maji, ngozi imenyooka na kung'aa, kitovu kimetokeza. Hana homa. Hana maumivu makubwa. Mkewe anasema jana mgonjwa alimwita yeye kwa jina la dada yake, na usiku hakulala. Mwambie anyooshe mikono mbele, akunje viganja juu kama anayesimamisha gari, na viganja vinapiga kama mabawa. Wengi wetu tunaandika "ini limechoka" na kungoja. Usingoje. Safisha ngozi upande wa kushoto wa chini wa tumbo, ingiza sindano, vuta maji. Yatatoka ya rangi ya njano hafifu, masafi kabisa kwa macho, na usafi huo usikudanganye. Tia mililita 10 kwenye chupa ya kuotesha bakteria hapo hapo kitandani, mengine yapeleke maabara yahesabiwe seli. Nyutrofili zikifika 250 katika milimita moja ya ujazo, maji hayo yameambukizwa, na mgonjwa anahitaji kiuavijasumu cha mshipani saa hiyo hiyo, si kesho daktari akipita raundi. Kila saa unayochelewa inaliweka figo lake hatarini. Bakteria walioingia kwenye maji hayo kwa kawaida ni wale wale wa utumboni. Hakuna aliyemchoma mgonjwa kwa kitu kichafu. Wametoka ndani yake mwenyewe, kupitia ukuta ule ule uliolegezwa na pombe.

Watafiti hawajakata tamaa na bakteria hao. Mwaka 2019 kundi la Bernd Schnabl wa San Diego lilionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wa hepatitisi ya pombe wana utumboni bakteria aina ya Enterococcus faecalis wanaotoa sumu iitwayo saitolisini, ambayo huziua seli za ini moja kwa moja. Katika wagonjwa waliokuwa na sumu hiyo, 89 kwa kila 100 walikufa ndani ya siku 180. Katika wasiokuwa nayo, chini ya 4 kwa kila 100. Kwa panya, walitumia virusi vinavyokula bakteria hao tu na kuwaacha wengine, na maini yakapata nafuu. Kwa binadamu bado si dawa ya kuandika kwenye cheti. Nalitaja kwa sababu linarudi kwenye swali la baba na jirani yake: kilabu ni kimoja, kipimo ni kimoja, lakini wakazi wa matumbo yao si wamoja.

Sasa mtaniuliza: kama kuizima kinga kunaua, na kuiacha kunaua, tufanye nini?

Kitu kinachoizuia kinga isiendelee kuchokozwa ni kuacha pombe. Hakuna dawa tuliyo nayo inayolingana na kuacha huko. Mafuta kwenye ini huweza kuondoka ndani ya wiki chache tu za kuacha kabisa. Hata mwenye sirosisi, akiacha, huishi muda mrefu kuliko anayeendelea. Lakini nawasihi ndugu, msimfungie mnywaji wa kila siku chumbani na kumnyang'anya kwa nguvu. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla unaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kupata degedege, na mtu akafa. Mleteni kituoni aachishwe kwa dawa na uangalizi. Na muuguzi, mgonjwa huyo akifika, thiamini, yaani vitamini B1, itangulie au iende pamoja na dripu ya glukosi. Glukosi peke yake kwa mtu asiye na thiamini inaweza kumharibu ubongo.

Mtoto akiwa mchanga anachanjwa homa ya ini B siku hizi. Watu wazima wengi waliopo hapa hawakuchanjwa. Mnywaji apimwe, na kama hana maambukizi achanjwe. Ini moja halihitaji mashambulizi mawili.

Wapo watakaosema mlevi kajitakia. Nayasikia maneno hayo hata kwenye korido za hospitali, na yananiuma. Ufaransa na Ubelgiji walijiuliza swali hilo hadharani. Desturi ilikuwa kwamba mlevi asipandikizwe ini mpaka akae miezi sita bila pombe, na wenye hepatitisi kali ambao dawa haikuwasaidia walikuwa wanakufa kabla miezi hiyo haijatimia. Madaktari wa huko wakawachagua kwa uangalifu wagonjwa 26, wakawapandikiza bila kungoja. Walichapisha mwaka 2011: baada ya miezi sita, karibu 77 kwa kila 100 walikuwa hai. Katika wenzao wanaofanana nao ambao hawakupandikizwa, walikuwa hai karibu 23 kwa kila 100. Najua kwamba kwa wengi wetu upandikizaji ni safari ya nje ya nchi na gharama ambayo ukoo mzima hauiwezi. Lakini waliona kwamba mtu huyo anastahili kuokolewa, na sisi tusio na kisu chao hatujakatazwa kuona hivyo.

Tulicho nacho ni chakula, na chakula ni dawa ya kinga kwa maana halisi kabisa. Ubelgiji na Ufaransa walifuatilia wagonjwa 136 wa hepatitisi kali ya pombe, na waliokula chini ya kilokalori 21.5 kwa siku kwa kila kilo ya uzito walikufa zaidi kuliko waliovuka kiwango hicho. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kama kilokalori 1,300, kiasi ambacho mtu asiye na hamu ya kula hakifikii kama hakuna anayemsimamia. Zamani tuliwakataza nyama na maharage tukidhani protini itawapandia kichwani. Acheni kuwakataza. Wapeni mayai, maziwa, maharage, samaki, kidogo kidogo mara nyingi, na chumvi ipungue kwa mwenye maji tumboni. Karanga ni nzuri, ila zichambuliwe. Zilizoota ukungu zina sumukuvu, nayo inaliumiza ini lile lile. Mgonjwa wa sirosisi asilale usiku mzima na njaa, kwa kuwa ini lililochoka halina akiba, na mwili unaanza kula misuli yake mwenyewe. Bakuli moja la uji wa ulezi wenye maziwa, saa tatu au saa nne usiku, kila siku, hata kama atasema hataki: hilo, ndugu mliokaa na wagonjwa, liko mikononi mwenu kuanzia usiku wa leo.